Laini Moja kwa Nyumba Nzima

Nyuma ya ruta nyingi za nyumbani, kwenye kibandiko chenye jina la Wi-Fi na nywila, kuna namba iliyoandikwa hivi: 192.168.1.1. Nyingine zimeandikwa 192.168.0.1. Namba hiyohiyo ipo kwenye ruta iliyotundikwa ukutani Sinza, ipo Likoni, ipo Bujumbura na ipo Muscat, na zote zinafanya kazi saa ileile bila kugongana. Kwa mtu aliyezoea kwamba namba ya simu ni ya mtu mmoja tu duniani, jambo hili linashangaza. Lakini namba hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini laini moja ya intaneti inaweza kuhudumia kompyuta ya baba, ya mama, ya mwanafunzi wa chuo na televisheni ya sebuleni kwa wakati mmoja.

Si zamani sana, nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa na mtindo wa kila mtu na bando lake. Sasa faiba imefika mitaani, ruta za 4G na 5G zinauzwa madukani, na huduma ya satelaiti ya Starlink ilifunguliwa Rwanda Februari 2023 na Kenya Julai mwaka huohuo. Familia inalipa bili moja, kila mtu anajiunga. Pamoja na urahisi huo yamekuja malalamiko mapya. Jioni, watu wote wakiwa nyumbani, ukurasa unazunguka tu, sauti ya kikao inakatika, mtoto anasema somo halifunguki. Hatua ya kwanza ya wengi ni kupanda kifurushi, na mara nyingi fedha hiyo inapotea bure. Tatizo halipo kwa kampuni. Lipo ndani ya nyumba, kati ya ruta na kompyuta, mahali ambapo mwenye nyumba anaweza kurekebisha kwa mkono wake mwenyewe.

Ili kulielewa, ni vizuri kujua kwanza ruta inafanya nini.

Mwanzoni kila kompyuta iliyoingia kwenye intaneti ilipaswa kuwa na anwani yake ya pekee. Anwani hizo, za toleo la IPv4 ambalo linatumika hadi leo, zina urefu wa biti 32, na hesabu yake inaishia kwenye 4,294,967,296. Utaratibu huo ulipochapishwa mwaka 1981, idadi hiyo ilionekana haitaisha kamwe, kwa kuwa waliounganishwa walikuwa vyuo vikuu, maabara na jeshi la Marekani. Miaka kumi baadaye wahandisi walishaona mwisho wake. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis wakachapisha waraka wenye njia ya kuahirisha tatizo: kompyuta za ndani zitumie anwani za ndani, na kifaa kilichopo mpakani kibadilishe anwani pale tu taarifa zinapotoka kwenda nje. Februari 1996 yakathibitishwa makundi matatu ya anwani za ndani ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia bila kuomba, mradi zisitoke nje ya mtandao wake. Moja ya makundi hayo ni anwani zote zinazoanza na 192.168, jumla yake 65,536. Ndiyo maana Sinza na Muscat hazigombani.

Akiba ya dunia ilikwisha kweli. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho yaligawiwa kwa wagawaji wa kanda. Kwa Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Kama kila simu na kila kompyuta ya leo ingehitaji anwani yake ya IPv4, intaneti ya nyumbani tuliyonayo isingewezekana.

Waliosoma shule za bweni wanaujua utaratibu huu tangu enzi za barua. Shule ilikuwa na S.L.P. moja, wanafunzi walikuwa mamia, na barua zote zilifika kwenye sanduku lile lile. Jina lililoandikwa juu ya bahasha ndilo lililomwezesha mwalimu wa zamu kujua barua ni ya nani. Ruta inafanya kazi ya mwalimu huyo, ila mahali pa jina inatumia namba iitwayo mlango, na milango hiyo inahesabiwa kuanzia 0 hadi 65,535.

Tuseme binti wa nyumbani amefungua ukurasa wa gazeti kwenye kompyuta yake yenye anwani 192.168.1.12. Ombi linatoka kupitia mlango namba 51514. Ruta inalipokea, inaondoa anwani ya ndani, inaweka anwani yake ya nje, inachagua mlango wake, tuseme 40022, kisha inaandika kwenye jedwali lake kwamba 40022 ni mali ya 192.168.1.12, mlango 51514. Gazeti linajibu kwa ruta, kwa sababu halijui kama kuna binti. Jibu linapofika kwenye mlango 40022, ruta inatazama jedwali na kulipeleka panapohusika. Kaka yake akifungua gazeti hilohilo sekunde hiyohiyo, anaandikiwa 40023. Hakuna anayepokea ukurasa wa mwenzake. Kazi hii inarudiwa kwa kila kipande cha taarifa, na mtu mmoja akitazama video, vipande ni mamia kwa sekunde.

Anwani ya 192.168.1.12 nayo ilitolewa na ruta yenyewe, dakika ile binti alipoandika nywila. Utaratibu wa kugawa anwani hizo, DHCP, umekuwepo tangu 1993, na anwani inatolewa kwa mkopo: muda ukiisha inaombwa upya, au inapewa kifaa kingine. Kwa hiyo kisanduku kile kidogo kinagawa anwani, kinatafsiri anwani na kurusha mawimbi ya Wi-Fi, vyote kwa pamoja. Kikisumbua, fundi mzuri anauliza kwanza ni ipi kati ya kazi hizo imekwama.

Zamani kazi hizo zilifanywa na kompyuta. Mwaka 1999 Microsoft iliweka ndani ya Windows 98 toleo la pili uwezo wa kompyuta moja kupokea intaneti kwa modemu na kuigawia nyingine kwa waya. Kompyuta ile ndiyo iliyochukua anwani 192.168.0.1. Ubaya wake ulikuwa wazi: ikizimwa, nyumba nzima inakatika. Huku kwetu nyumba zenye kompyuta mbili zilikuwa za kuhesabu, na mahali ugawanaji ulipoota mizizi ni kwenye intaneti kafe. Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini hata mmoja hadi Julai 2009, SEACOM ilipowashwa na kufika Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huohuo ukaingia mkongo wa TEAMS hapo Mombasa, na 2010 ukafuata EASSy. Kabla ya hapo kafe zilitegemea dishi la satelaiti au modemu ya simu ambayo mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilobiti 56 kwa sekunde. Wenye kafe walijua kitu ambacho nyumba nyingi za leo hazijui: mteja mmoja anayepakua filamu anawaharibia wote waliolipa.

Leo nyumba ina njia kadhaa za kugawana, na hazilingani. Njia ya haraka ni simu kurusha hotispoti. Inafaa kwa safari na kwa dharura, lakini betri inaisha, simu inachemka, na mwenye simu akitoka kwenda dukani anaondoka na intaneti ya watu wote. Kwa anayefanya kazi na kompyuta moja, kuunganisha simu kwa waya wa USB ni bora zaidi: simu inachajiwa hapohapo na mawasiliano yanatulia. Kompyuta nayo inaweza kurusha. Windows 10 na 11 zina hotispoti yake kwenye mipangilio ya mtandao, na inapokea hadi vifaa 8. Hiyo inasaidia sana hosteli au hotelini kwenye waya mmoja tu ukutani. Kwa familia inayokaa pamoja, ruta iliyosimama mahali pamoja ndiyo njia ya kudumu, iwe ya faiba au ya laini ya simu. Kipo pia kifaa kidogo cha mfukoni cha 4G. Kinamfaa mtu mmoja au wawili, na hakikutengenezwa kubeba nyumba yenye vyumba vinne.

Sasa tuje kwenye ukuta, kwa sababu hapo ndipo intaneti nyingi ya nyumbani inapopotelea.

Wi-Fi ni mawimbi ya redio. Ruta nyingi za sasa zinarusha kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 2.4 yanapenya vizuri zaidi na kufika mbali, ila mwendo wake ni mdogo na nafasi yake ni finyu. Yale ya 5 yanakwenda kasi lakini ukuta unayachosha mapema. Tofauti hiyo inaonekana wazi Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nyumba zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zenye unene wa nusu mita na zaidi. Upana wa chumba ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kama mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, na ukuta unafuatana na ukuta. Mawimbi yakivuka nyumba kwa upana yanakutana na jiwe kila baada ya hatua chache. Ruta ikiwekwa chumba cha mbele, kompyuta ya chumba cha tatu inaweza isione hata jina la Wi-Fi, na hakuna kifurushi kinachotibu hilo. Hali ni hiyohiyo Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu.

Nyumba za tofali zina nafuu, lakini nazo zina maadui wake. Chuma kinarudisha mawimbi: mabati, friji, geti, hata kioo kikubwa cha kabati chenye rangi ya fedha nyuma yake. Maji yanayanyonya, na ndiyo maana tangi la maji lililosimama kati ya nyumba kubwa na banda la uani linatosha kumkatia huduma anayekaa bandani. Oveni ya maikrowevu inatumia masafa yaleyale ya karibu gigahezi 2.4, na inapopasha chakula kompyuta iliyo jirani nayo hupungukiwa. Halafu kuna majirani. Kwenye maghorofa yaliyobanana kama ya Pipeline, Nairobi, simu ikitafuta Wi-Fi inaleta orodha ndefu ya majina, na yote yanagombea masafa yaleyale. Kwenye 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Katika mazingira hayo kompyuta iliyo karibu na ruta ihamie masafa ya 5, ambako nafasi ni nyingi, na 2.4 iachiwe vifaa vya mbali.

Mahali pazuri pa ruta ni katikati ya nyumba, juu, pasipo na kitu mbele yake. Mahali inapowekwa kwa kawaida ni chini, pembeni, nyuma ya televisheni. Televisheni ina bamba la chuma na imesimama kama pazia. Kuiondoa ruta hapo na kuipandisha juu ya kabati la korido hakugharimu shilingi, na nyumba nyingi zingepata nafuu kubwa kwa hatua hiyo moja.

Pasipofikika kwa mawimbi, waya unafika. Waya wa mtandao wa daraja la Cat5e unabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, hauogopi ukuta, haujui jirani na hauna nywila ya kuibiwa. Ruta za kawaida zina matundu manne nyuma kwa ajili hiyo, na katika nyumba nyingi matundu hayo hayajawahi kuguswa tangu siku ruta ilipotolewa kwenye boksi. Kompyuta ya mezani, televisheni na kompyuta ya mtu anayefanya kazi nyumbani zikiwekwa kwenye waya, Wi-Fi inabaki kwa simu na vitu vinavyohama, na wote wananufaika. Kama kuna fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya nyumba inayogawana intaneti, inunue waya mrefu kabla ya kifaa kingine chochote. Virudisha mawimbi vya bei nafuu vinavyochomekwa ukutani vinasaidia kufikisha Wi-Fi mbali, lakini vingi vinapokea na kurusha kwa redio ileile moja, kwa hiyo mwendo unapungua kama nusu.

Ruta ya zamani iliyotupwa kabatini nayo ina kazi. Inavutiwa waya hadi chumba cha mbali na kuwa kituo cha pili cha Wi-Fi. Ziko hatua tatu, na anayeruka moja anaharibu. Kwanza ruta hiyo ibadilishwe anwani, tuseme 192.168.1.2, isifanane na ile kubwa. Pili, izimwe kazi yake ya kugawa anwani, ili nyumba iwe na mgawaji mmoja. Tatu, waya kutoka ruta kubwa uchomekwe kwenye tundu la kawaida la kompyuta, siyo lile la rangi tofauti lililoandikwa WAN. Usipofanya hivyo unapata ruta ndani ya ruta: simu ya chumbani haitaiona printa ya sebuleni, ingawa zote mbili ziko nyumba moja na zote zina intaneti.

Baada ya ukuta yapo mambo ya mwendo, na hapa hesabu ndogo inasaidia. Kampuni zinauza kwa megabiti kwa sekunde, kompyuta inapima mafaili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya megabiti 10 inaleta megabaiti 1.25 kwa sekunde. Faili la gigabaiti 1 litachukua zaidi ya dakika 13 hata kama hakuna mwingine anayetumia. Anayeona faili likishuka kwa 1.2 na kudhani ameibiwa hajaibiwa. Amepewa karibu yote aliyolipia. Netflix yenyewe inaeleza kwamba video ya kiwango cha kawaida inatumia hadi gigabaiti 1 kwa saa, na ya HD hadi gigabaiti 3. Televisheni moja na mwanafunzi mmoja kwenye darasa la video wanaweza kuishi kwenye laini ya megabiti 10 bila ugomvi.

Mbona basi wanagombana? Mara nyingi kosa liko upande wa kupandisha. Vifurushi vingi vinatoa mwendo mdogo wa kupeleka kuliko wa kupokea. Simu moja ikirudi kutoka harusini ikiwa na video mia na kuanza kuzipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni, mwenyewe akiwa amelala, njia ya kwenda inajaa. Na kila ukurasa unaofunguliwa unahitaji njia hiyo, kwa kuwa ombi lazima litoke kabla jibu halijaja. Maombi madogo ya watu wengine yanapanga foleni nyuma ya video za harusi.

Foleni hiyo ina historia yake. Mwaka 2010 mhandisi Mmarekani Jim Gettys, aliyekuwa kwenye maabara ya Bell Labs, alichunguza kwa nini intaneti ya nyumbani kwake inazorota kila anapopeleka faili kubwa. Aligundua kwamba vifaa vya mtandao viliwekewa kumbukumbu kubwa mno ya kushikilia taarifa zinazosubiri. Watengenezaji walidhani kumbukumbu kubwa ni hisani, kumbe foleni inarefuka hadi ombi dogo linasubiri sekunde nzima au zaidi, wakati lingepita kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia ya kuidhibiti foleni isirefuke, na leo imo ndani ya OpenWrt, programu huru inayoweza kuwekwa kwenye aina nyingi za ruta. Msomaji anaweza kupima mwenyewe. Kwenye kompyuta aandike amri ya ping kwenda tovuti yoyote, atazame milisekunde, kisha mwenzake aanze kupandisha video kubwa. Namba ikiruka kutoka 30 hadi 800, nyumba haikosi mwendo, inakosa mpangilio. Hapo tiba ni kuwasha kipaumbele cha taarifa kwenye ruta kama kipo, au kuzipangia simu zipeleke picha usiku wa manane.

Kwa wanaotumia bando lenye kikomo, mlaji mkubwa ni kompyuta yenyewe. Kompyuta ya Windows inapojiunga na Wi-Fi inadhani imepata intaneti isiyoisha, inaanza kushusha masasisho, na bando la wiki linakata kabla ya Jumatano. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya mtandao huo na kuutia alama kwamba ni wa kulipia kwa kipimo. Tangu hapo masasisho mengi yanasubiri ruhusa. Nyumba yenye kompyuta kadhaa za Windows 10 au 11 ina msaada mwingine ambao wengi hawaujui: mfumo unaweza kuruhusiwa kuchukua masasisho kutoka kwa kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao uleule, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo inashushwa mara moja na kompyuta zinagawiana zenyewe. Hata mafaili ya shule na video za familia hayana haja ya kupitia WhatsApp yakaenda nje na kurudi. Kati ya kompyuta mbili za nyumba moja yanapita ndani ya ruta, na bando haliguswi.

Linabaki suala la nani anaingia. Mpangaji anampa mwenzake nywila, mwenzake anampa mgeni, mgeni ana ndugu. Anayelipa ajue kwamba laini imesajiliwa kwa jina lake, na kwa aliye nje, kila kinachofanywa na watu walio nyuma ya ruta hiyo kinaonekana kimetoka sehemu moja. Kushirikiana na jirani ni jambo jema na limesaidia wanafunzi wengi, ila lifanyike kwa kujua: mikataba mingi inakataza kuuza huduma kwa wengine, na ruta nyingi zina Wi-Fi ya wageni inayowapa intaneti bila kuwaonyesha kompyuta za ndani. Itumieni hiyo.

Ulinzi wa Wi-Fi nao una vizazi. WEP, uliokuja na Wi-Fi ya kwanza, ulivunjwa na watafiti mwaka 2001, na yeyote mwenye ruta inayoutumia bado ana mlango usio na kitasa. WPA2 wa mwaka 2004 na WPA3 wa 2018 ndio wa kuchagua. Ile njia ya WPS ya kujiunga kwa namba ya siri ya tarakimu 8 izimwe. Mwishoni mwa 2011 ilionyeshwa kwamba kuibahatisha kunahitaji majaribio 11,000 tu kwa wingi wake, kazi ya saa chache kwa kompyuta. Na zaidi ya nywila ya Wi-Fi kuna nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, ambayo nyumba nyingi zimeiacha kama ilivyotoka kiwandani. Tarehe 21 Oktoba 2016 kundi la vifaa vilivyotekwa na programu iitwayo Mirai lilishambulia kampuni ya Dyn, na Twitter, Netflix na huduma nyingine zikapotea kwa saa kadhaa sehemu za Marekani na Ulaya. Vifaa hivyo vilikuwa kamera, virekodi vya video na ruta za watu wa kawaida, na Mirai iliviingia kwa kujaribu majina na nywila za kiwandani kama sitini hivi.

Kuna jambo moja ambalo nyumba haiwezi kulitatua peke yake. Kampuni nyingi za simu nazo zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, ruta juu ya ruta, na mwaka 2012 kundi la anwani zinazoanzia 100.64 lilitengwa rasmi kwa kazi hiyo. Anayetaka kutazama kamera za nyumbani akiwa kazini atahangaika na mipangilio hadi achoke, kwa sababu tatizo liko kwa kampuni. Aulize kama wanatoa anwani ya nje ya mteja mmoja, au atumie kamera inayopitia huduma ya mtengenezaji. Suluhisho la kudumu ni IPv6, yenye anwani za biti 128, zinazotosha kila kifaa kupata yake bila kutafsiriwa. Uenezaji wake bado haujakamilika.

Umeme ukikatika, intaneti ya faiba kwa kawaida haikatiki mtaani. Kinachozimika ni visanduku vya nyumbani. Ruta nyingi zinatumia umeme wa volti 12 na kiasi kidogo sana, kwa hiyo betri ndogo ya akiba inaziweka hewani kwa saa kadhaa. Pale faiba ilipo na kisanduku chake mbali na ruta, vyote viwili viunganishwe kwenye betri hiyo. Kuwasha ruta peke yake hakusaidii kitu.

Na anayesubiri fundi wa faiba wiki hii amwahi kabla hajatoa drili. Desturi ya mafundi ni kufunga ruta pale waya unapoingilia, dirishani au mlangoni, kwa kuwa ndipo kazi inapoisha haraka, na kuihamisha baadaye ni safari nyingine, aghalabu ya kulipia. Mwonyeshe katikati ya nyumba ni wapi, akubali kuvuta waya hadi hapo. Mwombe nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta na uiandike pembeni. Kisha beba kompyuta hadi chumba cha mwisho, funga mlango, fungua ukurasa. Ukifunguka, mtilie saini.